Leza ya Sinema na Leza ya Kazini: Mafunzo Niliyopata

Mimi ni fundi wa faiba. Mchana naunganisha nyuzi za mkongo, usiku natazama filamu, na filamu ninazozipenda kuliko zote ni bunilizi za kisayansi: vyombo vya anga, roboti, miji ya karne zijazo, na hasa silaha za mwanga. Mapenzi hayo yalianzia kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, madirisha yamezibwa kwa magunia, mtafsiri akipaza sauti juu ya milio ya bunduki za leza. Baadaye ajira ikaniweka leza ya kweli mkononi. Tangu hapo nimeishi na leza za aina mbili, na kila moja imenifundisha kuitazama nyingine kwa makini zaidi.

1. Mwanga wa leza hauonekani mpaka ugonge kitu

Kwenye begi langu la kazi kuna kalamu ya taa nyekundu ya kutafutia mahali uzi wa faiba ulipokatika. Unaichomeka kwenye ncha ya uzi, unaiwasha, halafu unaufuata uzi polepole kwa macho. Pale ulipovunjika au kupindwa kupita kiasi, wekundu unavuja na kung'aa kupitia ganda la manjano. Kwingine kote huoni chochote, na mwanga unapita humo muda wote.

Ndivyo leza ilivyo popote. Mwale wake unakwenda mbele moja kwa moja, na mtu aliyesimama pembeni hana cha kuona mpaka vumbi, moshi au ukungu uugeuze kidogo kuelekea jichoni mwake. Huko kwenye ombwe la anga, ambako vyombo vya filamu za Star Wars hurushiana mistari myekundu na ya kijani, hakuna vumbi la kutosha kufanya kazi hiyo. Ukiitazama vita ile kwa pembeni ungeona giza, kisha ghafla ubavu wa chombo unaanza kuyeyuka.

Filamu iliyonionyesha leza inavyoonekana kweli ni Alien ya mwaka 1979, ya Ridley Scott. Mwanaanga anashuka kwenye ukumbi uliojaa mayai, na juu ya mayai hayo limetanda tabaka jembamba la mwanga wa buluu. Ilikuwa leza halisi. Bendi ya The Who ilikuwa ikiijaribu kwa ajili ya maonyesho yake ya jukwaani, jirani na hapo katika studio za Shepperton nchini Uingereza, na watengenezaji wa filamu wakaiazima. Waliipitisha kwenye moshi, na moshi ndio ulioipa umbo. Mwigizaji anapolipasua tabaka lile, mwanga unavurugika hapo hapo, kwa namna ambayo hewa peke yake ndiyo inayojua kuifanya. Kila nikiirudia sehemu hiyo naona jambo lile lile ninaloliona kazini: mwanga umekuwepo muda wote, ila sasa umepata cha kugonga.

2. Mlio wa leza umetengenezwa na watu, na watu hao wanastahili heshima

Mwanga hauna mlio. Juu ya hilo, huko angani hakuna hewa ya kuubeba mlio wowote. Stanley Kubrick alilizingatia jambo hilo katika 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, akaacha anga liwe kimya, tukasikia pumzi za mwanaanga ndani ya kofia yake. Ukimya ule unatisha kuliko baruti.

George Lucas, mwongozaji wa Star Wars, alichagua njia nyingine mwaka 1977, na simlaumu hata kidogo. Fundi wake wa sauti, Ben Burtt, aligonga kwa nyundo waya nene inayoshikilia mnara wa redio, akarekodi mtetemo wake. Hapo ndipo ulipotoka mlio wa bunduki za Star Wars, ule ambao watoto wa dunia nzima wanauiga kwa midomo. Mvumo wa upanga wa mwanga ulipatikana kwa kuchanganya mota ya projekta ya sinema na mvumo wa runinga ulionaswa na maikrofoni iliyopitishwa karibu nayo. Mpini wa upanga wa Luke, shujaa wa filamu hiyo, ulikuwa mpini wa taa ya kamera ya zamani aina ya Graflex. Bapa lake lilikuwa fimbo iliyofunikwa kwa kitambaa kinachorudisha mwanga kwenye kamera, kisha wachoraji wakapita juu ya filamu picha kwa picha wakiongeza mng'ao.

Nyundo, waya, projekta, mpini wa kamera. Hivyo ni vifaa vya karakana. Nilipoyajua hayo niliipenda filamu ile zaidi, kwa sababu niliona mikono ya mafundi wenzangu nyuma ya kitu nilichokiona mbinguni. Na watafsiri wetu wa vibandani walifanya kazi ya aina hiyo hiyo kwa koo zao: pale spika ilipokoroma na mlio ukapotea, waliujaza wenyewe, na hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio.

3. Sinema iliwahi kufika kabla ya karakana

Nadharia ya Albert Einstein kuhusu namna atomu inavyoweza kuchochewa itoe mwanga ilichapishwa mwaka 1917. Leza ya kwanza iliwaka tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, California, mikononi mwa Theodore Maiman, kwa kutumia kipande cha rubi na taa ya mmweko. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo, wengi hawakujua waifanyie nini.

Watu wa sinema walijua. Katika riwaya ya Goldfinger ya mwaka 1959, Ian Fleming alimfunga James Bond kwenye meza akasogezewa msumeno wa duara. Filamu ilipotoka mwaka 1964, msumeno ulionekana umepitwa na wakati, ukabadilishwa kuwa leza nyekundu inayoikata meza ya chuma kuelekea katikati ya miguu yake. Mwale wenyewe uliongezwa baadaye kwenye picha. Chini ya meza alikuwepo fundi mwenye moto wa gesi wa kukatia chuma, akiikata meza kwa chini huku Sean Connery, mwigizaji wa Bond, amelala juu yake. Jasho lile usoni mwa Connery nadhani halikuhitaji maigizo mengi.

Mwaka 1967, miaka mitatu baada ya filamu, watafiti wa uchomeleaji karibu na Cambridge nchini Uingereza walikata bati la chuma kwa leza ya gesi ya kaboni dioksidi ikisaidiwa na mkondo wa oksijeni. Leo mageti yenye nakshi za maua yaliyokatwa kwa leza ni biashara ya kawaida Nairobi na Dar es Salaam. Fundi anaingiza mchoro kwenye kompyuta, kichwa cha mashine kinapita juu ya bati, cheche zinamwagika chini. Mwale wenyewe huuoni, kwa sababu leza hizo hutoa infraredi, mwanga ambao jicho la binadamu haliupokei.

4. Hakuna anayeweza kuikwepa

Hili ni fupi. Mwanga unakwenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwenye korido ya mita kumi, risasi ya leza ingefika kabla shujaa hajajua kwamba adui amebonyeza kitufe, sembuse kuinamisha kichwa. Wapenzi wa Star Wars watasema bunduki zile hurusha gesi yenye moto mkali, siyo leza, nami nakubali utetezi huo.

Lakini umbali ukiongezeka, hata mwanga unatumia muda, na hapo kuna msisimko ambao sinema imeugusa kidogo mno. Mwezi Julai 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha juu ya Mwezi kifaa chenye vioo vinavyorudisha mwanga kule ulikotoka. Wanasayansi wanakilenga kwa leza mpaka leo. Mwanga unaondoka, zinapita sekunde mbili na nusu hivi, chembe chache zinarudi. Kwa kupima muda huo tumejua kwamba Mwezi unajitenga nasi kwa karibu sentimita 3.8 kila mwaka. Mwongozaji mwenye kipaji angeweza kuzifanya sekunde mbili na nusu hizo zimkoseshe mtazamaji pumzi.

5. Uliza umeme unatoka wapi

Fundi yeyote akionyeshwa mashine mpya huuliza kwanza inakula umeme kiasi gani. Swali hilo nimelipeleka kwenye filamu, na ndilo linalonipa raha kuliko yote. Katika Star Wars, chombo cha Death Star kinaisambaratisha sayari nzima kwa mwale mmoja. Ili uivunje sayari ya ukubwa wa Dunia na vipande vyake visirudiane, unahitaji nishati yote ambayo Jua linaitoa kwa karibu wiki nzima, uimwage mara moja. Hesabu hiyo haijaniharibia filamu. Imenifanya niielewe hofu ya wale walioitazama sayari yao kutoka dirishani.

Leza kubwa za kweli zipo, na sinema imeshazitembelea. Maabara ya Livermore huko California ina kituo kinachoitwa National Ignition Facility, chenye miale 192 inayolenga shabaha ndogo yenye kidonge cha haidrojeni ndani yake. Tarehe 5 Desemba 2022 miale hiyo iliipa shabaha megajuli 2.05, na muungano wa atomu ukatoa megajuli 3.15. Ni ushindi wa kihistoria, lakini kuziwasha leza zenyewe kulihitaji takriban megajuli 300 kutoka kwenye gridi. Kituo hicho hicho ndicho kilichoigiza kama chumba cha injini ya chombo cha Enterprise katika Star Trek Into Darkness ya mwaka 2013. Na filamu ya Tron ya mwaka 1982 ilipigwa katika maabara hiyo hiyo, kwenye leza iliyoitwa Shiva. Ukiona mabomba yale na ngazi zile, unatazama mitambo ya kweli ya watu wanaotafuta umeme wa kesho.

6. Jicho ndilo la kulinda

Katika sinema leza hutoboa mlango, humrusha mtu ukutani, hukata bawa la ndege. Jicho halitajwi. Kwangu mimi jicho ndilo somo la kwanza na la mwisho, kwa sababu leza ninazofanya nazo kazi hutumia mawimbi ya nanomita 1310 na 1550, ambayo hayaonekani kabisa. Uzi unaweza kuwa umebeba mwanga nawe ukaona ncha kavu ya kioo tu. Kijana mpya akija kazini nampa amri moja kabla hajagusa kitu: usiuelekeze uzi jichoni, hata ukiambiwa umezimwa, upime kwa kipimo cha nguvu ya mwanga.

Mataifa nayo yaliliona hilo. Oktoba 1995, mjini Vienna, yalipitisha itifaki inayopiga marufuku silaha za leza zilizobuniwa mahsusi kupofusha watu, na itifaki hiyo ikaanza kutumika mwaka 1998, kabla silaha hizo hazijaenea vitani. Nalipenda tukio hilo kuliko vita vyote vya angani nilivyotazama. Watu walikaa mezani, wakafikiria askari anayerudi nyumbani bila kuona, wakasema hapana. Nataka wazazi wanaowanunulia watoto vile vikalamu vya leza ya kijani mitaani waijue pia hatari hiyo kwa jicho. Si vya kuchezea, na kuvielekeza kwa dereva au rubani ni hatari kubwa.

Halafu kuna upande wa pili. Mama mkubwa wangu ana kisukari, na kisukari kilipoanza kuiharibu mishipa midogo nyuma ya macho yake, daktari alimwambia atatibiwa kwa leza. Akanipigia simu jioni ile.

"Mwanangu, hiyo leza ndiyo ile ya kwenye sinema zako?"

"Ndiyo hiyo, mama, ila hii imefundishwa adabu."

"Haitanitoboa?"

"Itachoma vidoa vidogo pale penye ugonjwa, mama. Itaacha pengine pote."

Nilimsindikiza. Walimtia matone ya kupanua mboni, kisha matone ya ganzi. Akaweka kidevu kwenye kishikilio na paji la uso kwenye mkanda, daktari akamwekea lenzi ndogo juu ya jicho. Kutoka nilipokaa niliona mng'ao wa kijani ukicheza pembezoni mwa kope, mmweko baada ya mmweko, kila mmoja mfupi kuliko kupepesa. Daktari alizungumza kwa upole tu: "Tazama kule, bibi. Usihame. Vizuri." Mikono ya mama mkubwa ilikuwa imeshika kanga yake magotini, na kadiri mimweko ilivyoendelea vidole vikalegea. Tiba hiyo hairudishi uoni uliokwisha kupotea. Kazi yake ni kuzuia uliobaki usiondoke. Mpaka sasa anachambua mchele mwenyewe. Leza niliyoiona pale, ikifanya kazi ndogo mahali padogo kwa usahihi mkubwa, ndiyo ninayotamani waandishi wa filamu waione.

7. Filamu huingia hadi kwenye bajeti za serikali

Tarehe 23 Machi 1983 Rais Ronald Reagan wa Marekani alitangaza mpango wa kuzuia makombora ya nyuklia, na miongoni mwa njia zilizofikiriwa zilikuwa leza kutoka angani. Wapinzani na magazeti wakauita Star Wars, na jina likaganda. Marekani baadaye ilijenga leza ndani ya ndege aina ya Boeing 747. Februari 2010 ndege hiyo iliharibu kombora la majaribio, na mwaka 2011 mpango ukafutwa. Leza za kijeshi za siku hizi zina malengo madogo zaidi, hasa droni. Kwa hiyo ninapomsikia kiongozi yeyote akiahidi silaha ya mwanga itakayomaliza hatari zote, nasikia muziki wa filamu nyuma ya maneno yake, na ninarudi kwenye swali la umeme.

8. Leza iliyobadilisha maisha yetu bado haijapewa filamu yake

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi ukiunganisha Mombasa na Dar es Salaam na dunia. Mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Kabla ya hapo pwani yetu ilitegemea setilaiti, na anayezikumbuka intaneti kafe za wakati ule anajua picha moja ilivyokuwa ikishuka mstari kwa mstari. Tangu hapo, sauti ya ndugu aliye Muscat au Toronto inageuzwa kuwa mipigo ya leza, mabilioni ya mipigo kwa sekunde, inasafiri ndani ya kioo chini ya bahari, ikiongezewa nguvu kila baada ya makumi ya kilomita.

Sehemu ya uzi inayobeba mwanga ina upana wa maikromita 9 hivi. Kioo chote kinachoizunguka kina maikromita 125, karibu na unene wa unywele mnene. Kuunganisha nyuzi mbili za namna hiyo ndiyo kazi yangu. Unalivua ganda, unaufuta uzi kwa spiriti mpaka unalia kwenye kitambaa, unaukata kwa kisu maalumu ili uso wake uwe bapa kabisa, unavilaza vipande viwili kwenye mashine ana kwa ana. Kwenye skrini ndogo ya mashine unaviona vikisogeleana vyenyewe, vikipanda na kushuka kidogo kutafuta mstari mmoja. Cheche ya umeme inapiga, vioo vinayeyukiana, na mashine inakuandikia upotevu: desibeli 0.02. Kipande kilichokatika unakishika kwa koleo na kukibandika kwenye utepe, maana kikiingia kwenye ngozi hukioni tena. Mara nyingi haya yanafanyika ndani ya hema dogo kando ya barabara, malori yakipita, mtu mmoja akishikilia tochi.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kusini, karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikayumba kwa siku kadhaa. Maofisi yalikwama, malipo yakachelewa, watu wakazungusha simu zao juu wakitafuta mtandao. Mahali fulani baharini meli ilishusha ndoano, ikaunyanyua mkongo kutoka chini, na mafundi wakakaa kwenye chumba kinachoyumba wakifanya kazi ile ile ninayoifanya mimi hemani. Kuna saa inayokwenda, kuna bahari, kuna bara linalosubiri. Sijui filamu ya leza inahitaji nini zaidi ya hapo.

Wapo wa kuitengeneza. Wanuri Kahiu wa Kenya alituonyesha katika Pumzi, filamu yake fupi ya mwaka 2009, watu wa baada ya vita vya maji wakizalisha umeme kwa mazoezi ya miili yao na kusafisha jasho lao wapate kunywa. Kila kifaa mle kimezaliwa na uhaba wa kitu, na ndiyo maana unakiamini. Neptune Frost ya mwaka 2021, ya Anisia Uzeyman na Saul Williams, ilipigwa Rwanda ikachukua wachimbaji wa koltani na kuwaweka katikati ya hadithi ya kompyuta, kwa lugha kadhaa na Kiswahili kikiwemo. Sasa namtafuta mwandishi wa filamu wa huku kwetu aliye tayari kukaa nami hemani usiku wa mkongo kukatika. Kiti kipo, tochi ya pili ipo, na maswali yote ya leza nitayajibu, mradi mikono yake aiweke mbali na ule utepe.